Deizi za Afrika: namna ya kufunika ardhi kwa maua katika bustani ya Nairobi

Karibu kila ploti ya Nairobi ina kipande kimoja kinachomshinda mwenyewe. Ni kile kiteremko kati ya geti na barabara, au ule ukanda mwembamba kando ya njia ya gari, au ile kona ambako mpira wa maji haufiki. Nyasi zikipandwa hapo hukauka Februari, mvua ya Aprili hubeba udongo hadi kwenye mtaro wa jirani, na kufikia Juni ndago na kishona nguo vimetawala. Wengine humwaga kokoto wakasahau. Mimi nakuomba ujaribu kwanza deizi za Afrika.

Ni mimea mifupi yenye kutambaa, na ikipakubali mahali hutandaa kama zulia. Majani hubaki mabichi mwaka mzima hapa Nairobi, na maua huja kwa vipindi kadhaa, si msimu mmoja tu. Ni jamaa ya pareto, alizeti na krisanthemu. Aliyewahi kuona shamba la pareto kule Molo ataitambua sura yake mara moja.

Asili yake ni kusini mwa Afrika, na ile inayotambaa hasa hutoka pwani ya Afrika Kusini, kwenye mchanga, jua na upepo. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatakuelea. Deizi nyingi zinazokufa katika mji huu hazifi kwa kiu. Zinakufa kwa kumwagiliwa kila jioni, kwa kutiliwa samadi kupita kiasi na kwa kupandwa kivulini, yaani zinauawa na watu wanaozipenda. Kwa sababu hiyo kazi kubwa iko kabla ya kupanda, na sehemu ndefu zaidi za mwongozo huu ni za mahali na udongo.

Jua unachonunua

Kwenye naseri za kando ya barabara, iwe Ngong Road, Lang'ata Road au Kiambu Road, jina "deizi" hutumika kwa mimea kadhaa. Usibebe mche kwa sababu tu ua limekuvutia.

Ya kwanza, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa jina la kitaalamu huitwa Osteospermum. Siku hizi aina zake nyingi zimehamishiwa jina la Dimorphotheca, kwa hiyo ukikuta kibandiko chenye lolote kati ya hayo mawili usibabaike. Iko inayosimama, ambayo huwa kichaka kidogo, na iko inayotambaa, ambayo haizidi sana sentimita 30 kwa kimo lakini mche mmoja unaweza kuenea mita nzima. Kwa kufunika ardhi unataka inayotambaa. Shina lake hulala chini, na kifundo, yaani pale jani linapotokea shinani, kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi hapo hapo. Maua ni meupe, ya waridi au ya zambarau, kitovu chake ni cha buluu nzito inayokaribia weusi, na ukiligeuza ua utaona petali zimepakwa zambarau hafifu kwa chini.

Ya pili ni gazania. Majani yake ni marefu na membamba, kijani kilichokolea upande wa juu na vijinywele vyeupe upande wa chini, na ukilikata jani hutoa utomvu mweupe. Maua ni ya manjano, ya machungwa au mekundu ya kutu, mara nyingi yakiwa na duara la madoa meusi karibu na kitovu. Gazania nyingi zinazouzwa hazitambai kwa kasi, hujaza nafasi kwa mafungu mafungu. Lakini inavumilia ukame kwa namna ya kushangaza. Kama unaishi Syokimau, Kitengela au upande wowote wa mashariki ambako maji ya mfereji ni ya kusubiri, hii ndiyo ningekuchagulia.

Utakutana pia na jabera, ambayo baadhi ya wauzaji huiita deizi ya Afrika. Ni ua zuri la kukata na kuweka chomboni, ila halifuniki ardhi.

Muulize muuzaji waziwazi: "Mama, hizi ni za kutambaa ama za kusimama?" Kisha mwombe akuonyeshe mmea mkubwa alikotoa vipandikizi, yaani vipande vya tawi vilivyopandwa vikatoa mizizi. Mwenye naseri anayezalisha mwenyewe huwa nao pale pale, na atafurahi kukuonyesha. Ukichukua mche, uchomoe kidogo kwenye mfuko wake utazame mizizi. Meupe na imara ni mizuri. Ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza, rudisha. Geuza majani ya kileleni uone kama kuna vidukari. Na usivutwe na mche uliojaa maua. Chagua mfupi, wenye matawi mengi na vichipukizi vipya, kwa sababu huo ndio wenye nguvu ya kuenea.

Tena, ukisafiri kwenda Afrika Kusini na kuona rangi usiyowahi kuiona, usifiche vipandikizi kwenye begi. Mimea haiingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na sababu yake ni ya kweli: gonjwa moja la mizizi au virusi vinaweza kuingia pamoja na tawi la urefu wa kidole.

Soma jua la mwaka mzima

Deizi zinataka jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku. Zikikosa, shina hurefuka likitafuta mwanga, majani huachana, maua hupungua, na katikati ya tuta hubaki udongo mtupu. Watu hutazama jua siku wanayopanda wakadhani litabaki vile vile. Halibaki.

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki hupita kusini. Chukua ukuta wa ploti unaokwenda mashariki hadi magharibi, wa kimo cha mita mbili na nusu. Saa sita mchana mwezi wa Juni, kivuli chake huangukia kusini kwa zaidi ya mita moja, na asubuhi na jioni huwa kirefu zaidi. Maana yake ni kwamba ukanda wa mita moja uliobanana na ukuta kwa upande wa kusini haupati jua hata dakika moja katika mwezi huo, na ndio wakati wa baridi na mawingu. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka, na upande wa kaskazini ndio unaokaa kivulini.

Kama una hiari, chagua upande wa kaskazini wa ukuta. Kivuli cha Desemba huja wakati wa joto na hakiozeshi mmea, ila kivuli cha Juni na Julai huja pamoja na baridi na unyevu, na hapo ndipo ukungu huanza. Njia nzuri kuliko zote ni kuacha mita ya kwanza kutoka ukutani kwa mmea unaopenda kivuli, kisha deizi zianzie mbele yake.

Zingatia pia kwamba katika msimu wa baridi wa Nairobi mawingu hufunika asubuhi, na jua, likitoka, hutoka mchana. Kwa hiyo tuta linalotazama magharibi huchanua vizuri zaidi mwezi wa Julai kuliko linalotazama mashariki lenye nyumba nyuma yake. Na siku ambayo jua halikutoka kabisa, maua hayatafunguka. Si ugonjwa. Deizi nyingi na gazania hufunga maua usiku na siku za mawingu, na kesho yake jua likiwaka hufunguka tena. Nimeona watu wakiongeza maji na mbolea kwa sababu maua "yamekataa kufunguka" wiki nzima ya Julai, ilhali mmea wenyewe haukuwa na tatizo lolote.

Udongo: Nairobi mbili

Kwa mtu wa bustani, Nairobi ni mbili. Kuna ile ya udongo mwekundu, ya magharibi na kaskazini: Lavington, Kileleshwa, Runda, Muthaiga, kuelekea Kiambu na Kikuyu. Na kuna ile ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ya mashariki na kusini: Embakasi, Donholm, Syokimau, kuelekea tambarare za Athi. Sehemu nyingine, kama Karen na Lang'ata, zina zote mbili, wakati mwingine ndani ya mtaa mmoja.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame yote, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakizama ndani ya saa chache, una udongo mzuri. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, usipande deizi hapo kabla ya kuinua tuta.

Udongo mwekundu hupitisha maji vizuri na hauhitaji mengi. Lima kwa jembe la meno hadi sentimita 25, vunja mabonge, changanya samadi iliyooza vizuri, karai moja kwa kila mita mbili za mraba, basi. Isipokuwa nyumba ni mpya. Katika estate nyingi mpya mafundi huacha vifusi, mabaki ya saruji na mawe chini ya safu nyembamba ya udongo mzuri. Mabaki ya saruji huubadilisha udongo ukawa na chokaa nyingi, na deizi hupenda udongo wenye tindikali kidogo au usioegemea upande wowote. Ukiona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, shuku saruji. Yatoe mabaki yote hata kama ni kazi ya siku nzima.

Udongo mweusi ni habari nyingine. Mvua ikinyesha huvimba na kunata, kiangazi ukija hupasuka nyufa za kuingiza mkono na kukata mizizi. Kosa linalojirudia ni kuchimba shimo katika udongo huo na kulijaza udongo mwekundu mzuri. Ulilotengeneza hapo ni karai chini ya ardhi: mvua ya Aprili itaingia kwenye udongo laini na haitapata pa kutokea, na mche utaoza ukiwa umezungukwa na udongo ulioununua kwa pesa yako. Badala yake panda juu. Legeza udongo mweusi kidogo kwa juu, kisha mwaga udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga na samadi kidogo, hadi tuta lifike kimo cha sentimita 25 au 30, katikati pawe juu kuliko pembeni ili maji yateremke. Zuia kingo kwa mawe. Tuta la mita tano kwa mbili lenye kimo cha sentimita 25 linahitaji mita za ujazo 2.5 za udongo. Mwulize mwenye lori anabeba kiasi gani kabla ya kukubaliana bei.

Kisha kuna nyasi za kikuyu. Hili sitalipita haraka, kwa sababu ndilo litakaloamua kama tuta lako litadumu. Nyasi hizi hutembea chini ya ardhi kwa vishina vyeupe vinene, na kipande cha urefu wa ukucha kinatosha kuanza upya. Zikishaingia katikati ya deizi huwezi kuzing'oa bila kuharibu maua. Kwa hiyo, wiki sita kabla ya kupanda, lima eneo lote, chambua vishina kwa mkono, vianike juani juu ya gunia hadi vikauke kabisa. Mwagilia, subiri wiki mbili, na kila kilichochipuka kichimbe tena. Rudia hadi pasichipuke kitu. Ndago nazo zina vijitunguu chini, ukivuta jani tu unaviacha, kwa hiyo fuata uzi wake kwa kijembe hadi ukipate kijitunguu chenyewe. Kama tuta limepakana na uwanja wa nyasi, chimba mfereji wa upana wa sepetu na kina cha sentimita 15 katikati yake, na uukate upya kila mwezi. Mfereji huo ndio mpaka, na bila mpaka nyasi zitashinda.

Lini upande

Nyakati mbili: mvua ndefu zinapoanza, kwa kawaida mwisho wa Machi, na mvua fupi zinapoanza Oktoba. Kwa udongo mwekundu zote zinafaa. Kwa udongo mweusi mimi hupendekeza Oktoba, kwa sababu mvua fupi huwa nyepesi kuliko za Aprili, na mche hupata miezi kadhaa ya kujishika kabla ya mvua kubwa. Usipande kati ya Juni na Agosti kama huna haraka. Mizizi hukua polepole kwenye baridi.

Zalisha miche yako

Tuta la mita tano kwa mbili ukipanda deizi zinazotambaa kwa nafasi ya nusu mita litahitaji miche 40 hivi. Ukitaka lijae upesi, nafasi ya sentimita 40 itakula miche 60. Gazania, ambayo hupandwa kwa sentimita 30, inahitaji zaidi ya 100. Kununua yote ni gharama ya bure. Nunua miche minane au kumi yenye afya na uikatekate.

Anza Januari au mapema Februari kwa ajili ya mvua ndefu, na Agosti kwa ajili ya mvua fupi. Kata asubuhi, kabla jua halijakausha majani. Tafuta kichipukizi ambacho hakina ua wala tumba, kilicho katikati ya ulaini na ugumu: ukikipinda kinajikunja kidogo kabla ya kuvunjika. Pima sentimita nane hadi kumi na ukate kwa wembe au kisu kikali chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani ya nusu ya chini, ukiacha manne au matano juu. Usiyavute kuelekea chini, maana ganda litabanduka pamoja nayo. Yasukume pembeni kwa kidole gumba.

Changanya mchanga wa mtoni na udongo uliochekechwa, nusu kwa nusu, bila samadi. Beseni kuukuu lililotobolewa chini latosha. Lowesha mchanganyiko kwanza, toboa tundu kwa kijiti, tia kipandikizi hadi nusu yake, kisha bana udongo kwa vidole viwili pande zote mpaka kisimame chenyewe. Tundu lisitobolewe na kipandikizi chenyewe, kwa sababu kidonda hujaa mchanga na kuoza. Weka beseni mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja, chini ya mti mwepesi au kibarazani. Udongo ukae na unyevu tu. Ukiona utando wa kijani juu yake, unamwagilia mno.

Baada ya wiki tatu au nne vuta jani moja polepole. Kipandikizi kikishikilia, mizizi ipo. Kihamishie kwenye mfuko wa miche wenye udongo na samadi kidogo, na kikianza kukua kata ncha yake ya juu. Ukataji huo mdogo ndio unaogeuza shina moja kuwa manne, na mmea wa kufunika ardhi bila matawi haufuniki kitu. Wiki ya mwisho kabla ya kupanda, usogeze juani kidogo kidogo.

Gazania huzaliwa zaidi kwa kugawanya. Ng'oa fungu kubwa, lichane kwa mikono mafungu madogo, kila moja likiwa na mizizi yake, na upande siku hiyo hiyo. Mbegu pia zinawezekana, ila miche ya mbegu mara nyingi haifanani na mama kwa rangi. Katika Osteospermum mbegu huzaliwa kwenye duara la nje, chini ya petali, wala si kwenye kitovu, kwa hiyo ukitaka kuziokota usipekue katikati ya ua.

Kupanda

Mwagilia miche saa moja kabla. Panda jioni au siku ya mawingu. Usiipange kwa mistari iliyonyooka inayotazamana. Mstari wa pili uangukie kwenye nafasi za mstari wa kwanza, na tuta litafungika upesi zaidi. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa udongo au juu yake kwa upana wa kidole. Ikizikwa, huoza.

Kwenye kiteremko, kata kijukwaa kidogo kwa kila mche, kikiinamia ndani kidogo ili maji yasimame pale badala ya kuserereka. Kama mteremko ni mkali, tandaza magunia ya katani, yabane kwa vigingi vya miti, toboa matundu na upande kupitia humo. Gunia litazuia udongo katika mvua ya kwanza, halafu litaoza lenyewe mizizi ikishashika. Usitumie magunia ya plastiki, kwa sababu huishia kuwa nyuzi zilizojisokota kwenye mashina na kuzibia mtaro.

Funika nafasi kati ya miche kwa matandazo: nyasi kavu zisizo na mbegu, au maganda ya miti, au changarawe kwenye gazania. Acha duara la sentimita tano kuzunguka kila shina bila kitu.

Maji na chakula

Wiki mbili za mwanzo mwagilia kila baada ya siku moja kama mvua haijanyesha, kisha mara mbili kwa wiki hadi mwezi wa pili utimie. Baada ya hapo dawa ni kidole. Kiingize kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Tuta lililoshika vizuri kwenye udongo mwekundu litahitaji maji mara moja kwa wiki Januari na Februari, na katika msimu wa mvua halihitaji hata tone kutoka kwako. Mwagilia chini, kwenye udongo, asubuhi. Maji ya juu ya majani usiku wa Julai ni mwaliko wa ukungu.

Tunaishi na mgao wa maji, na wengi wetu tunajua siku gani ya wiki mfereji hutoka. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanafaa kabisa, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Yamwage yakiwa yamepoa, na wiki moja moja badilisha na maji safi au ya mvua ili chumvi za sabuni zisijikusanye.

Chakula ni kidogo sana. Mkono mmoja wa mboji kwa kila mmea mvua zinapoanza, mara mbili kwa mwaka. Mbolea ya CAN, yenye nitrojeni nyingi, usiiguse. Nitrojeni itakupa majani manene ya kijani kizuri, na maua utayahesabu kwa vidole. Samadi mbichi ya kuku ni mbaya zaidi, huunguza mizizi.

Kukata

Katika mwaka wa kwanza ondoa maua yaliyokauka kila wiki ukipata nafasi. Kata shina la ua hadi linapokutana na majani, usinyofoe kichwa tu. Mmea usioruhusiwa kuzaa mbegu huendelea kuchanua. Tuta likishakuwa kubwa hutaweza kuondoa ua moja moja, na hapo makasi makubwa ya kukatia uzio wa miti hufanya kazi: punguza theluthi moja ya mmea wote mwanzoni mwa mvua, Machi na Oktoba. Tuta litaonekana limenyolewa kwa wiki tatu hivi. Vumilia. Usikate hadi kwenye mti mkavu wa kahawia usio na majani, kwa sababu mara nyingi sehemu hiyo haichipuki tena.

Maradhi na wadudu

Vidukari hukaa kwenye vichipukizi na chini ya matumba. Mpira wa maji wenye nguvu, asubuhi tatu mfululizo, huwaondoa wengi. Wakirudi, tumia sabuni ya maji kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji, au mafuta ya mwarobaini, na unyunyize jioni nyuki wakishaondoka. Nyuki hupenda maua haya sana na hawana kosa lolote. Konokono hula miche michanga usiku wa mvua. Toka na tochi uwaokote.

Majani yakinyauka ilhali udongo umelowa, usiongeze maji. Mizizi inaoza. Ng'oa mmea huo, toa na udongo wake, na usipande deizi nyingine katika shimo hilo kabla hujarekebisha njia ya maji. Ukungu wa kijivu kwenye maua yaliyooza, au ukungu mweupe kwenye majani, huja Juni na Julai tuta likibanana mno. Kata, achanisha matawi, upepo upite.

Sungura, mbuzi na taka za bustani

Kwa wanaofuga: matawi ya Osteospermum yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi tumboni mwa mnyama, na jamaa zake kule Afrika Kusini zinajulikana kwa kuua mifugo. Usiwape sungura wala mbuzi yale unayokata, na umwambie hivyo anayekuja kukusaidia bustanini, kwa maana ni kawaida yetu kubeba majani ya bustani kwenda kulisha.

Wala usiyatupe kando ya Msitu wa Karura, Msitu wa Ngong au kwenye kingo za mto. Gazania ilipelekwa Australia na California kama ua la bustani na leo inaota yenyewe huko porini na kusumbua mimea ya asili. Kipande cha deizi inayotambaa kikiangukia udongo wenye unyevu kinashika. Kausha kabisa juani, kisha kitie kwenye shimo la mboji.

Mwaka wa tatu

Kufikia mwaka wa tatu katikati ya mimea ya kwanza patakuwa na mashina magumu yasiyo na majani. Hiyo ni tabia ya mmea, na haiponywi kwa mbolea. Inua matawi ya pembeni utazame chini yake: mengi yatakuwa yameshatoa mizizi. Yakate kutoka kwa mama, yachimbue na bonge la udongo, kisha ng'oa shina kuu la zamani, lima pale palipobaki wazi, tia mboji kidogo na uyapande humo. Fanya theluthi moja ya tuta kila mvua ndefu badala ya kung'oa yote kwa mara moja. Kwa njia hiyo kiteremko hakibaki uchi wakati wa Aprili, na hutalazimika kurudi naseri isipokuwa unataka kuongeza rangi.